Tyubu ya Kendi Niliyoipeleka kwa Fundi wa Pancha

Wacha niseme mapema ndio msije mkanihurumia njiani: katika hiki kisa mwenye makosa ni mimi, kutoka juu mpaka chini, na mpaka leo nikipita mahali wanaweka magari presha nikasikia ile kompresa ikinguruma, naangalia upande mwingine na masikio yananichemka.

Mimi nafundisha Chemistry katika shule ndogo ya kutwa huku pande za Muthara, na kwa mashindano ya sayansi sisi huwa tunaenda kujaza viti na kula mkate, hakuna anayetujua. Halafu tukapata Kendi. Form Two, mdogo wa mwili, na ukaidi wa mtu mzima. Huyo msichana alikuwa ameona pale soko la Kangeta vile garaba, yale majani na vijiti vya miraa ambavyo hakuna mtu anatafuna, vinavyotupwa marundo kwa marundo vinaozea hapo, akaniuliza, kama kinyesi cha ng'ombe kinatoa gesi ya kupikia, je, ukikichanganya na garaba? Nikamwambia ajaribu (kusema ukweli nilimwambia ajaribu ndio aniache ninywe chai). Akajaribu. Akajaza mtungi nyuma ya jikoni ya mama yake, akaufunga, akatoa mpira mwembamba mpaka kwa tyubu kuukuu ya tairi la gari, na baada ya wiki kadhaa tyubu ikaanza kufura yenyewe. Siku aliyoniita nione, aliunganisha tyubu na jiko dogo, akawasha kiberiti, na moto wa buluu ukashika ukakaa, jamani, nikasimama hapo kama mtoto. Akachemsha yai. Yai nilikula mimi, na chumvi.

Tukashinda Meru, ambako majaji walitaka maelezo na chati tu. Sisi! Raundi iliyofuata ilikuwa Embu, na wa kwanza hapo anaenda mashindano ya taifa. Kendi alikuwa ameniambia wazi: mwisho wa mwaka Form Two wanachagua masomo, mama yake hakutaka kusikia habari ya Physics, alisema ni masomo ya kupoteza muda, lakini walikuwa wamekubaliana kwamba gesi ikipita Embu, Kendi atachukua Physics na hakuna mtu atamsumbua tena. Hilo nililijua vizuri kabisa, sitajifanya sikulijua.

Basi tukafika Embu asubuhi, tukapewa meza yetu, na nikaona tyubu imelegea. Haikuwa imeisha, imelegea tu, kwa sababu ya ile safari ndefu na valvu yenyewe ya zamani. Gesi ya kuchemsha yai ilikuwepo, Kendi aliibonyeza tyubu akasema, "Inatosha, Mwalimu." Lakini meza ya pili ilikuwa ya shule kubwa ya hapo mjini, wana pipa limepakwa rangi, mabomba yanang'aa, na mwalimu wao amevaa tai, akaangalia tyubu yetu, akaniuliza akicheka, "Na nyinyi mmepata pancha njiani?"

Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu. Nilimwambia Kendi aende akachukue chai na wenzake, nikabeba tyubu begani (mimi, mwalimu wa Chemistry, mwenye digrii) nikateremka mpaka kwa fundi wa pancha mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu, nikamwambia aniongezee presha kidogo tu, isimame vizuri mbele ya majaji. Nilijiambia hewa kidogo haitadhuru. Halafu Mwalimu Mkuu akapiga simu kuuliza tunaendeleaje, na mimi nikasogea pembeni nikaanza kumwelezea vile leo tutatangazwa, vile aandae gari la kutupokea, maneno mengi.

Sasa fundi wa pancha ana kazi yake na anaijua. Tyubu ikiletwa, kwanza anang'oa valvu, anaikunja tyubu yenyewe, anaikalia, inaisha kabisa, ndio aijaze upya. Niliporudi ilikuwa imefura, imesimama kama mpya, na yule mzee anapangusa mikono amefurahi.

"Mwalimu, hii tyubu ilikuwa imeoza ndani," akaniambia. "Ilikuwa inanuka kinyesi! Nimetoa ile hewa mbaya yote nikakuwekea safi."

Nikamlipa, nikaibeba tena begani. Mnaelewa? Nilijua. Kabla ya mtu yeyote kujua, mimi nilijua hakuna gesi ndani ya hiyo tyubu, kuna hewa ya barabara ya Dallas. Na njia yote nikirudi nilikuwa najidanganya kwamba labda gesi imebaki kidogo pembeni, labda majaji wataangalia chati tu, labda watachelewa nipate nafasi ya kumwambia Kendi. Nikafika nikakuta majaji wako mezani kwetu na Kendi anaeleza, tena anaeleza vizuri, bila karatasi.

"Ahaa, tyubu hii hapa!" akasema jaji mkuu, mama mmoja wa miwani. "Haya binti, tuwashie."

Kendi aliishika, akanitazama kidogo kwa sababu ilikuwa ngumu kuliko alivyoiacha, lakini aliniamini. Akaiunganisha na jiko, akafungua, akawasha kiberiti. Fuuu! Kikazimika. Akawasha cha pili, fuuu. Cha tatu. Upepo ulikuwa unatoka kwa nguvu mpaka ukapeperusha chati ya jirani, na kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Hiyo si gesi, hiyo ni pampu!" na ukumbi wote ukaangua kicheko, na mwalimu wa tai naye akacheka. Kendi aliendelea kuwasha. Vijiti vilivyozimika vinaanguka chini, na mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake nimekunja mikono.

Jaji akainama akanusa. "Mbona hainuki chochote?"

"Nyumbani iliwaka, Madam," Kendi akasema. "Tulichemsha yai. Mwalimu aliona." Akanigeukia. "Mwalimu, mwambie."

Watu wote wakaniangalia. Yule mama akaniuliza, pole pole kabisa, "Mwalimu, wewe uliiona ikiwaka kwa macho yako?"

Nikiwaza hapo mpaka leo huwa natamani ardhi ingepasuka. Nilikuwa na majibu mawili. Nikisema ndiyo, swali lingine ni gesi imeenda wapi, na hapo nitamtaja fundi, na yule wa tai anasikia. Nikasema, "Niliambiwa imewaka."

Niliambiwa! Na yai nilikula mimi.

Kendi hakulia. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, kisha akaanza kuokota vijiti vya kiberiti chini. Jaji akamwambia mbele ya wote kwamba sayansi haitaki matokeo ya kubuni, akachora mstari kwa karatasi yake, wakahamia meza ya pipa.

Tukarudi Muthara. Kwa gari aliniuliza mara moja tu, "Mwalimu, nilikosea wapi?" Nikamwambia pengine tyubu ilikuwa imetoboka. Kwa hivyo huyo mtoto, baada ya shule kila siku, akawa anapaka tyubu povu la sabuni, inchi kwa inchi, akitafuta tundu ambalo halikuwepo. Mama yake ndiye aliyeniambia, tulipokutana kanisani. Alisema, "Mwalimu, muombe aache, anajichosha bure."

Bado nilinyamaza. Fomu za masomo zikaja, zikajazwa, na nilipoona ya Kendi haina Physics ndio nikashindwa kulala na kula. Jumamosi nikaenda kwao, nikamkuta anakata majani ya ng'ombe, nikamwambia yote, fundi, simu, valvu, mama yake akisikia. Akaacha kukata. Halafu akasema, "Kwa hivyo niliweza."

"Uliweza," nikamwambia.

"Mimi nilikuwa nimeanza kuamini kweli nilidanganya." Akapangusa panga kwa nyasi. "Mbona hukusema pale, Mwalimu? Hata kwa gari ungesema."

Nilimwambia tutabadilisha fomu, nitaenda mwenyewe ofisini. Akasema, "Wacha ikae hivyo," kwa heshima kabisa, akaendelea kukata majani. Niliandika barua kwa waandalizi nikaeleza kosa ni langu, wakajibu matokeo yalishafungwa. Mama yake, ile Jumamosi, hakunitukana, alinipa chai.

Nimeapa sitagusa tena kitu cha mwanafunzi, hata kama kimelegea, hata kama kinachekwa, na mtoto akiniuliza mbele ya watu kama niliona, nitasema niliona, hata kama mimi ndiye nitaanikwa. Kendi sasa yuko Form Four. Tukikutana kwa korido ananiamkua vizuri, "Habari ya asubuhi, Mwalimu," na hasimami.