Vidato vya Makamu

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa, na marehemu mume wangu anisamehe. Nilikuwa msichana, naimba kiitikio katika kikundi chetu cha taarabu hapa Mjini. Kulikuwa na harusi Mbweni, na alitakiwa mtu wa kuimba beti peke yake. Nilizitamani beti zile mpaka chakula hakipiti. Mwenzangu Salma naye alizitamani, ila yeye hasemi.

Mie nasema. Mama yangu akilalamika kwamba mdomo wangu hauna mlango. Mahadhi nilikuwa nshayajua: ndiyo ile njia ya sauti, inapopanda na inaposhuka, ambayo hata mtoto huivumisha bila maneno. Mdundo nao nshaujua, kwani dumbaki likilia mabega yenyewe huitika. Lakini lilikuwapo neno makamu. Wapigaji hulitaja kila siku, hii Rasti, ile Bayati, na waimbaji wote wanatikisa vichwa. Likanikaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Siku ya mazoezi, mbele ya wenzangu wote, nikamwendea Mzee Haji, mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua waimbaji. Nikamwamkia, kisha nikamwuliza makamu ndiyo nini.

"Asiyejua maana haambiwi maana," akanijibu, huku anakaza nyuzi.

"Na anayejua, Mzee wangu, ataambiwa ya nini?"

Salma akanifinya. Nikajua beti zishanitoka.

Mzee Haji akavua miwani, akaifuta kwa kanzu polepole. Akawageukia wale watikisa vichwa, akawauliza nani ataniambia. Kila mmoja akaona cha kutazama dirishani.

"Wala mie sikuambiwa," akasema. "Nilichapwa. Hebu, kwenu mnakaa ghorofani?"

"Naam."

"Gizani wapanda ngazi, na hujikwai. Kwa nini?"

Nikamwambia mguu unajua kidato kipi kifupi, kipi kirefu.

"Basi sauti nazo zina vidato. Vikipangwa hivi ni Rasti, vikipangwa vile ni Bayati, na kila makamu ina pale inapokwenda kupumzika."

Akanipigia, nikaimba ubeti uleule kwa zote mbili. Rasti nilipita. Bayati kidato cha kwanza ni kifupi kidogo, nami kila mara nakiruka.

"Neno ushalijua, sikio lako bado," akasema. "Mwenda pole hajikwai, mwanangu. Safari hii ataimba Salma."

Nililia, sikufichi.

Harusini nilikaa nyuma na waitikiaji, nimenuna, hata halua naiona chungu. Mzee Haji akaanza taksimu, yaani kanuni peke yake, bila mdundo, kumwonyesha mwimbaji njia. Hakuwa amefika mbali, mwili ukanisisimka: Bayati. Hakuna aliyeninong'oneza. Nilikisikia kile kidato kifupi mwenyewe. Kinyongo kikaniishia palepale, nikaitikia kwa moyo wote, na Salma aliimba vizuri, haki yake nampa. Baadaye beti nilipewa nami, tena nyingi, lakini furaha ya harusi ile sikuipata tena.

Nawe, mwanangu, una simu inayokueleza neno kabla hujamaliza kuliuliza. Sikuonei kijicho, au labda kidogo. Uliza, hata wakikununia, kwani kuuliza si ujinga, na wengi wanaotikisa vichwa wanangoja mwenye mdomo awaulizie. Ila ukishaambiwa, usikimbilie kusimama mbele. Maana uliyopewa na mtu ni ya kuazima; kaa nyuma usikilize, mpaka uisikie mwenyewe, hapo ndipo inakuwa yako.

Mwenyezi Mungu akujaalie sikio pana kuliko mdomo. Akupe mtu wa kukujibu, na siku utakayoulizwa wewe, akupe subira ya kuvua miwani. Amin.