Dakika Ishirini Chini ya Wavu, Itigi

Kilichonitoa nyumbani Singida mjini ni karatasi yenye mhuri ambayo sikuwa nayo. Mimi ni fundi turubai. Mimi na mke wangu Eliza tunashona maturubai ya malori yaendayo Shelui na Nzega, na kwa miezi minane tuliiweka kando kazi hiyo ili tubuni kitu cha jeshi. Usicheke bado. Tangazo lilisema karakana ndogo nazo zinaruhusiwa kuleta ubunifu wa vifaa vya ulinzi, nasi tukapeleka wavu wa kufichia pikipiki pamoja na mwendeshaji wake. Jibu likaja: wavu ukajaribiwe porini mbele ya afisa. Watafutaji watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mtu dakika ishirini. Wote wakishindwa kukuona, karatasi inagongwa mhuri na mnaingia hatua ya pili. Mmoja akikupata, rudini kwenye malori yenu. Eliza alisema wavu ukifeli atafugia kuku, na hakuwa anatania.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi na gunia langu. Raia haruhusiwi nguo zenye mabaka ya jeshi, kwa hiyo wavu wetu hauna mabaka hayo. Ni nyuzi za katani tulizofumua kwenye magunia makuukuu, tukazichemsha na magome na majivu mpaka zikawa na rangi ya vichaka vya Itigi wakati wa kiangazi, yaani rangi ya kitu kilichokata tamaa. Hata hivyo nilikuwa na wasiwasi, na konda aliuona.

"Umebeba nini, mzee?"

"Wavu."

"Itigi kuna samaki gani?"

"Wapo wachache," nikamjibu, nikalipakata gunia hadi Mkiwa.

Saa nne nilishuka Mkiwa, nikachukua bodaboda. Itigi nilipokewa na Danieli, kaka yake Eliza, anayeuza asali karibu na stesheni. Alilitazama gunia, akanitazama mimi.

"Shemeji, jeshi lote ndilo hili?"

"Nimekuja kuwalinda."

"Tangu umchukue dada yangu hatujaona ulinzi wowote," akasema, akanikaribisha ugali kwa mlenda.

Saa nane mchana afisa alitusubiri kwenye eneo lililozungushiwa kamba, ukubwa wa uwanja wa mpira. Vichaka vya Itigi wakati huo havina jani, lakini matawi yamesongamana kiasi kwamba mbuzi akiingia anafikiri mara mbili. Tuliilaza pikipiki ya Danieli, mimi nikalala kifudifudi kando yake, tukafunikwa. Danieli, kwa kuwa ni ndugu, akaamriwa asimame mbali na afunge mdomo. Hilo la pili lilimtesa.

Mtafutaji wa kwanza alikuwa mchungaji. Alipita karibu hata nikaziona kamba za viatu vyake vya tairi, akaenda zake. Wa pili alikuwa mrina asali. Huyu alisimama akanusa petroli, akageuka huku na huku, lakini upepo ulimchanganya akaufuata upande usio wetu. Chini ya wavu sisimizi walikuwa wananitafuna na mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Nilishaanza kupanga ukubwa wa kibao cha karakana yetu mpya.

Wa tatu akaingia Bibi Monika, mjane mwenye mizinga yake mwenyewe ya nyuki, mfupi, kajifunga kanga mbili. Alizunguka dakika kumi bila kuona kitu. Halafu akasimama katikati ya uwanja, akaweka mikono kiunoni, akasema kwa sauti, kama mtu anayeongea na miti:

"Jamani, tangu nimeingia humu hakuna mtoto aliyeniamkia. Huko mjini Singida watoto siku hizi hawana mama?"

"Shikamoo bibi!"

Naapa sikuamua kusema. Ilitoka yenyewe, kama inavyotoka tangu nina miaka mitatu.

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu sema tena, nijue uko upande gani."

Na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikasema tena.

Afisa alicheka hadi akakaa chini. Alipomaliza alifuta macho, akasema kupatikana ni kupatikana. Nikamsihi. Nikamwambia miezi minane, nikamwambia kuku. Akayasoma maelekezo yake mara mbili, kisha akasema kinachopimwa ni kitambaa, si malezi, kwa hiyo zamu ya tatu itarudiwa kesho asubuhi na mtu mwingine, mara moja tu.

Jioni hiyo Danieli alifunguliwa mdomo.

"Shemeji, vitani ukikutana na adui mwenye mvi utafanyaje?"

"Itategemea mvi zenyewe."

Saa mbili asubuhi nililala tena kwenye miiba ileile. Mtafutaji mpya alikuwa mlinzi wa ghala la alizeti, mtu makini, akaanzia mwisho wa uwanja akija kichaka kwa kichaka. Mara nikasikia nyayo nyepesi upande wangu, nje kidogo ya kamba. Alikuwa Bibi Monika akielekea kwenye mizinga yake, ndoo kichwani. Akasimama hatua mbili kutoka nilipo. Akakohoa.

Niliuma mkono wa shati. Akakohoa tena, akasubiri. Mzee kasimama mbele yangu kwa subira yake yote, na mimi nimelala kama gogo. Sijawahi kuona aibu kama ile, na hakuna aliyekuwa ananiangalia. Hatimaye akasema, "Sawa basi," akaenda zake.

Dakika ishirini zikaisha, mlinzi akakubali kushindwa, afisa akagonga mhuri. Danieli akanibeba mzobemzobe. Karatasi ilikuwa mkononi na furaha haikuja. Nikamwomba shemeji anipeleke kwa Bibi Monika kabla ya usafiri wangu.

Saa tano tulimkuta uani anachuja asali.

"Shikamoo bibi."

"Hiyo ni ya sasa. Ya asubuhi iko wapi?"

"Shikamoo tena, bibi. Unisamehe. Ulisimama pale ukisubiri salamu nami nikakunyima."

"Marahaba zote mbili." Akaulamba mwiko, akanitazama kwa macho ya kuchokoza. "Salamu nilikuwa naisubiri, ni kweli. Ila kukohoa nilikohoa kwa sababu kisigino chako cha kushoto kilikuwa nje. Nikasema nikikohoa atakivuta. Wapi! Kijana kanyamaza, kisigino kinaota jua."

Danieli alicheka peke yake. Mimi nilikikunja kisigino ndani ya kiatu, kana kwamba ingesaidia.

Jioni nilikuwa nyumbani. Eliza aliubusu mhuri, akausoma tena, akaubusu tena. Nikamweleza habari ya kisigino. Alinilaza sakafuni, akanifunika wavu, akakiona kisigino mwenyewe, akaenda kuchukua sindano. Akaongeza shubiri moja ya pindo kuzunguka wavu wote.

Iliyobaki ilikuwa fomu ya hatua ya pili, yenye sehemu ya kuandika kasoro zilizogunduliwa.

"Acha wazi," Eliza akasema. "Pindo nimeshaongeza. Ukiandika, watasema jaribio lilikuwa batili, watatunyang'anya mhuri."

"Wanao ule wavu wa kwanza tuliowapelekea na maombi, mke wangu, nao hauna pindo. Nisipoandika, kuna askari atalala chini yake kisigino kikiwa nje, na atakayepita hatakuwa Bibi Monika."

Akawa anakanyaga cherehani isiyo na kitambaa. Mwisho akanisogezea kalamu. Nikaandika kasoro yote, na vipimo vyake. Chini yake fomu ilitaka jina na cheo cha mtaalamu aliyeigundua. Nikaandika: mpita njia, alikohoa mara mbili, sikumwamkia.