Mkunga wa Iramba Aliyetaka Kuoga Baharini

Watumishi wa hospitali ya misheni kule Iramba walikuwa na namna mbili za kula likizo. Wengine walilima, wengine walijenga. Rahabu, mkunga, alitafuta namna ya tatu, na kwa hilo alisemwa vya kutosha.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mrefu, mwenye sauti ndogo. Hakuwa na mume, wala hakuonekana kumtafuta. Alikaa na mama yake, Magdalena, katika tembe iliyokuwa nyuma ya hospitali, pamoja na mbuzi sita na kuku wasiohesabika.

Hamu ya bahari aliipatia kazini. Siku moja aliletwa Sushila, mke wa Vallabhdas, mwenye duka kwenye barabara iteremkayo Sekenke, akiwa na uchungu wa mtoto wa kwanza.

"Zungumza nami, dada, nisiwaze," Sushila alimwambia uchungu ulipokolea.

"Mimi sina maneno mengi," Rahabu akajibu. "Zungumza wewe, mimi nisikilize."

Basi Sushila akazungumza. Alikuwa mzaliwa wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko cha mtu yeyote wa Iramba. Kati ya uchungu na uchungu alieleza habari za Chwaka, pwani iliyoko mashariki ya kisiwa, ambako baba yake aliwapeleka kila mwaka, watu wanane nyuma ya lori, na masufuria na mikeka yao. Alieleza mchanga mweupe kama unga uliochekechwa mara mbili, na maji ambayo mtu akisimama ndani yake hadi kifuani huhesabu vidole vya miguu yake. Adhuhuri mtoto akazaliwa, wa kike, akaitwa Ramila. Rahabu akanawa mikono, akaenda kula. Lakini yale maji hayakumtoka.

Mwaka wa hamsini na nne akapewa likizo ya wiki tatu, mwezi wa Aprili. Akamshawishi muuguzi mwenzake, Klara, wakafunga safari ya Unguja. Hawakumwuliza mtu. Klara alisema kuuliza ni kuwaambia watu huna kitu, na Rahabu hakubishana naye.

Aprili ni masika. Lori lililowachukua kutoka Singida kwenda Manyoni lilizama matopeni kabla ya nusu ya njia, wakalala humo siku mbili. Treni nayo ilichelewa, kwa kuwa maji yalikuwa yamekula udongo chini ya reli. Walipofika Dar es Salaam walipanga chumba karibu na soko, kwa bei waliyotajiwa, bila kupunguziwa hata senti. Bahari ilikuwa imechafuka. Meli waliyoambiwa ingeondoka kesho, kesho yake wakaambiwa ni keshokutwa. Walikula hotelini asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu hawakubeba hata konzi ya karanga. Siku ya tano fedha iliyobaki ikawa nauli ya kurudi tu.

Bahari waliiona bandarini, mara moja, chini ya mvua. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na maganda ya ndizi yakielea juu.

Waliporudi, Klara aliwaambia watu kwamba wameoga mpaka wamechoka. Akaeleza samaki wenye ukubwa wa ng'ombe. Watu wakamgeukia Rahabu.

"Hatukufika," Rahabu akasema.

Klara hakuzungumza naye mpaka mavuno. Magdalena, kwa upande wake, alizungumza mno. Likizo nzima imekwenda na maji, alisema, na paa la tembe linavuja. Tena maji yenyewe ya chumvi. "Si ungekwenda Singida tu? Ziwa lipo, chumvi ipo. Ungeonja, ukarudi jioni."

Ndipo Rahabu akateremka dukani kwa Vallabhdas. Alimkuta Sushila barazani, mguu mmoja ukisukuma bembea ya mtoto, mikono ikichambua dengu kwenye sinia. Akamweleza safari yote tangu mwanzo, pasipo kuficha kitu. Sushila alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akajifuta.

"Niwie radhi, dada Rahabu. Lakini nani aendaye Unguja masika? Hata sisi wenyewe masika tulikaa ndani."

"Sikujua, Mama Ramila. Ndiyo maana nimekuja kujifunza."

"Basi kaa. Tena shika sinia hili, unisaidie."

Mafunzo yalichukua jioni tatu. Sushila hakuwa mtu wa kupanga maneno. Alichanganya njia na mapishi, akakumbuka jambo la kwanza baada ya la mwisho. Alimwambia aombe likizo mwezi wa Juni, mvua zikishakatika, lakini asiende kabla ya Idd. "Ukifika Ramadhani, mchana hupati pa kula, na mwenyeji wako amefunga, utamtia taabu. Idd ikipita, kila mtu ana raha na nyumba ina nafasi."

Alimwambia asipange chumba popote. Dar es Salaam alale misheni ya kanisa lake, kwa barua ya mchungaji, na barua hiyo aiombe mapema, si siku ya kuondoka. Chwaka atakwenda kwa Bi Mize, yaya aliyemlea Sushila, ambaye sasa anakaa nyumbani kwake na kusuka ukili wa mikeka. "Nitampelekea waraka. Ila usiende kwake na fedha mkononi, atanuna. Mpelekee asali. Asali ya Rungwa, ile nyeusi. Kule kwetu asali ni dawa, huuzwa kwa kijiko."

"Debe moja litatosha?"

"Debe! Dada, nusu debe utapewa nyumba."

Akamkumbusha cheti cha chanjo ya ndui, kwa kuwa bandarini huulizwa. Melini, akasema, kaa juu sitahani, katikati, si mbele, tafuna tangawizi, usitazame mawimbi, tazama mbali. Chukua viatu vya zamani vya kuingilia majini, kuna mdudu wa miiba myeusi chini, akikuchoma siku mbili hutembei. Ogea kanga mbili, moja ya kuvaa na moja ya kujitanda ukitoka, kwa kuwa pale ni kijijini, watu wanaheshimiana. Unga, karanga na mboga kavu beba mwenyewe. Samaki utanunua kwa wavuvi wakitua, wala usiwakimbilie, ngoja wenyeji wanunue kwanza ndipo utajua bei.

"Na mwezi," Sushila akasema jioni ya tatu, Rahabu akiwa ameshasimama. "Nenda mwezi ukikaribia kuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa saa kumi, jua limepoa, mnaoga kwa raha. Asubuhi hutoka, huendi popote."

Rahabu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hakuelewa, lakini aliona haya kuuliza tena.

Mwaka uliofuata akaomba likizo ya Juni. Klara alikuwa ameolewa, na hata asingeolewa asingekwenda. Rahabu alikuwa amejiandaa kwenda peke yake, mpaka siku moja mama yake alipomkuta anachuja asali.

"Unakwenda tena?"

"Nakwenda, mama."

"Basi na mimi nakwenda. Kama fedha ya paa langu inaliwa na maji, nikaone yanavyoila."

Rahabu alifikiri. Nauli ya mtu wa pili ilikuwa nzito, lakini chakula walibeba, na malazi hayakuwa ya kulipia. Akauza mbuzi wawili. Wiki mbili baada ya Idd wakawa wameshavuka: lori mpaka Manyoni, barabara kavu, vumbi tu, daraja la tatu la treni, Magdalena akiwa amekalia furushi la unga ili lisiibwe, kisha siku mbili katika misheni Dar es Salaam, ambako barua ya mchungaji iliwapatia kitanda, ingawa mlinzi aliisoma mara tatu. Melini Magdalena alitafuna tangawizi ya watu wawili. Hakutapika. Rahabu ndiye aliyetapika.

Walifika Chwaka kwa basi, yapata saa nne asubuhi. Rahabu alishuka, akamshika mama yake mkono, wakapita kati ya minazi kwenda kuona bahari.

Bahari haikuwapo.

Palikuwa na mchanga na tope la kijivu, na majani ya mwani yamelala chali, mpaka mbali ambako jicho liliishia. Mashua zilikuwa zimeegemea ubavu, chini pakavu. Wanawake wachache walikuwa wameinama huko mbali, wakichokoa mchanga.

Magdalena alitazama kwa muda mrefu.

"Wameyapeleka wapi?" akauliza.

Rahabu alikumbuka siku ile ya mvua bandarini. Alifikiri juu ya mbuzi wawili. Hakulia, alikaa tu juu ya debe la asali.

Bi Mize aliwakuta hapo. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, rika moja na Magdalena, na ukili kwapani. Rahabu akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyempokea mjukuu wangu Ramila? Karibuni. Mbona mmekaa juani kama mizigo?"

"Bibi, bahari..." Rahabu akaanza.

"Bahari imekwenda matembezini. Alasiri itarudi. Njooni mnywe maji."

Magdalena hakuamini hata kidogo. Alikunywa maji, akala muhogo wa nazi, akalala, lakini kila alipoamka aliuliza kama yamerudi. Saa tisa wakasikia kama upepo, na Bi Mize akasema, "Haya, nendeni." Walipotoka, mashua zilikuwa zimesimama, zinacheza. Maji yalikuwa yamefika kwenye minazi, ya kijani karibu, ya samawati mbele, nayo yalikuwa maangavu kama Sushila alivyosema.

Rahabu aliingia na viatu vyake vya zamani na kanga. Alikwenda mpaka kifuani, akasimama, akatazama chini. Aliona viatu. Akavivua, akavishika mkononi, akahesabu vidole vyote kumi. Kisha akakaa humo mpaka ngozi ikajikunja. Alipoulizwa baadaye alijisikiaje, alisema maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Magdalena siku ya kwanza alilowesha nyayo. Siku ya pili, magoti. Siku ya tatu Bi Mize alimkamata mkono, wakaingia pamoja mpaka kiunoni, vikongwe wawili, mmoja akiimba na mwingine akipiga kelele kwa Kinyiramba. Tangu hapo hakutoka. Asubuhi alikwenda na wanawake wa pale kuchokoa chaza mchangani; jioni alioga. Usemi wao ulikuwa nusu, kwa kuwa Kiswahili cha Magdalena kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kuaga, lakini walicheka kwa ukamilifu. Bi Mize aliigawa asali kwa majirani kwa kijiko, na kila kijiko kilirudi na kitu: samaki pono wawili, nazi, mkate wa kumimina. Unga wao waliobeba ulibaki zaidi ya nusu.

Siku ya tisa Rahabu akafunga mizigo. Likizo ilikuwa na siku zake, na njia ilikuwa ndefu.

"Mimi nabaki," Magdalena akasema.

"Mama, utabaki vipi? Utarudi na nani?"

"Nitarudi nikichoka. Sijachoka."

"Mbuzi je?"

"Mbuzi wana wachungaji."

Bi Mize aliendelea kusuka ukili wake. Rahabu angeweza kumwacha abaki. Alifikiri juu yake usiku ule na njiani, na miaka iliyofuata pia alifikiri. Lakini siku ile aliona mzee wa miaka sitini, peke yake, ng'ambo ya maji, mbali na kwao safari ya siku tano, akasema hapana. Magdalena akapanda basi bila kuaga vizuri.

Hakusema neno melini. Hakusema neno Dar es Salaam. Morogoro, Rahabu alimnunulia machungwa. Akayala, akarusha maganda nje. Walipofika Dodoma na kuiona nchi kavu ile, yenye michongoma na vumbi, Magdalena akafungua mdomo.

"Nitakwenda tena," akasema. "Na sitakwenda na wewe."

Watu walidhani ni hasira, nayo ingeisha. Haikuisha, ila iligeuka kazi. Jumapili baada ya ibada wanawake walimzunguka, naye aliwafundisha: ni mwezi gani, ubebe nini, usikae mbele ya meli, na asubuhi usiende ufukweni kwa kuwa maji hayajafunguliwa. Habari za mwezi mpevu alizieleza kinyume, na Rahabu alipojaribu kumsahihisha, aliambiwa kwamba yeye alitapika.

Mwezi wa Agosti mwaka wa hamsini na saba, Magdalena aliongoza wanawake watano wa kwaya kwenda Chwaka. Rahabu hakupata likizo. Alifanya alichoweza: aliwaombea barua ya mchungaji mwezi mzima kabla, akahakikisha kila mmoja ana cheti cha ndui, akateremka kwa Sushila wakachagua pamoja tarehe za mwezi mpevu, na tarehe hizo akampa mchungaji aziandike ndani ya barua, ili mama yake asizibadilishe. Asali alinunua yeye.

Walirudi baada ya wiki tatu, weusi, wamenenepa, wanabishana juu ya nani aliyeogopa. Lakini walikuwa wanne na Magdalena. Wa tano, Felista, mjane asiye na watoto, hakuwamo. Mchungaji akaja kuuliza kwa ukali.

"Alisema hajashiba," Magdalena akajibu. "Nikamwacha. Mtu hanyang'anywi sahani anapokula."

Rahabu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Felista alirudi baada ya Krismasi, kwa miguu yake, na mkeka mpya wa ukili kichwani, akaenda moja kwa moja kupalilia shamba lake.