Nguzo ya Aprili

Fundi wa kompyuta wa stesheneri ya hapa Kimara hupima karatasi kwa shubiri kabla hajagusa kitufe, kisha hufuta kibodi kwa pindo la shati. Programu ya michoro kaitengeneza mwenyewe. Ukimpa namba zako, hutafuta kwanza iliyo kubwa; nguzo yake ndiyo hugusa juu ya karatasi, na nyingine zote hupunguzwa kwa kipimo hichohicho. Juzi nilimpelekea hesabu ya trei za mayai ninazouza kila mwezi, maana saa nne shule moja ilikuwa inachagua mtu wa kuwapelekea mayai. Mchoro ukatoka na nguzo moja ndefu ya Aprili, miezi mingine imelala chini kama vijiti vya kiberiti.

"Mama, Aprili ulifuga mbuni?"

"Ikate hiyo, kaka. Nakuongezea elfu mbili."

"Sikati. Nikikata hii, na nyingine zinakuwa za uongo."

Nikapanda hadi elfu tano. Hakugeuza hata shingo. Aliweka ukucha kwenye namba, 2,400, akauliza nani kaiandika. Wifi yangu Loveness, nikamwambia, mie nilikuwa msibani Moshi. Hapo ndipo nikakumbuka: Loveness huhesabu yai mojamoja, si trei. Fundi akagawa kwa thelathini, mayai ya trei moja, ikawa themanini. Nguzo nyingine zikainuka, na Aprili ikashuka ikawa fupi kuliko zote.

"Hii fupi haitakuharibia?"

"Iache. Wakiniuliza nitajibu. Chapa, saa tatu na nusu hii."