Keki ya Beti Nane

Wajukuu zangu wananishtaki kwamba naunguza keki. Wananishtaki kwa adabu, shikamoo kwanza, lakini wananishtaki. Mke wa mwanangu mkubwa alininunulia jiko la umeme lenye kengele ya kulia wakati ukifika. Kengele inalia, naisikia, nakaa kidogo, ndipo nafungua. Keki inatoka nyeusi chini na pembeni.

"Bibi, kengele imelia zamani," wananiambia.

Najua imelia. Masikio yangu Mungu bado ameyahifadhi. Nimeona afadhali niandike sababu, kwa kuwa mama yangu sasa amepumzika na hakuna tena wa kumwonea aibu.

Mama alijifunza kuoka keki kabla hajaolewa, katika jiko la masista wa misheni waliotoka Ujerumani. Jikoni kwao kulikuwa na tanuri la chuma na saa kubwa ya ukutani. Alifundishwa vizuri sana. Siku alipoolewa aliondoka na aproni mbili, kikopo cha baking poda, na ujuzi wote wa kuoka kwa tanuri na saa. Tanuri na saa vilibaki kwa masista. Baba naye, aliyekuwa mwinjilisti wa mtaa wetu na watu wakimwita Mwalimu, alileta kwenye ndoa kitabu cha nyimbo na baiskeli, ambayo kwa milima yetu ya Usambara mara nyingi ndiyo iliyompanda yeye.

Tanuri mama alilitengeneza mwenyewe: sufuria kubwa yenye mchanga, ndani yake sufuria ndogo yenye keki, juu mfuniko wa bati, makaa juu na makaa chini. Saa ndiyo iliyomsumbua. Masista walimwonya kwamba keki haifunguliwi kabla ya wakati, ikifunguliwa inabonyea katikati na haiinuki tena. Kwa hiyo alihitaji kujua wakati bila kufungua. Alijaribu kutazama jua, lakini upande wetu wa Lushoto jua halina ratiba, ukungu ukikaa bondeni hata jogoo hukosea. Mwisho akagundua kwamba kuna kitu kimoja nyumbani mwa mwinjilisti ambacho hakibadiliki urefu, nacho ni wimbo.

Keki yangu ilipimwa kwa wimbo wa mateso wenye beti nane, ulioimbwa mara mbili. Ndugu zangu walikuwa na nyimbo zenye haleluya, lakini siku yangu ya kuzaliwa huangukia Kwaresima, na Kwaresima haleluya haziimbwi nyumbani kwetu hata kwa ajili ya keki. Mama alianza mara makaa yalipowekwa, akamaliza, akaanza tena, na alipofika kwenye amina ya pili alifunua. Ilikuwa imeiva. Haikupungua wala kuzidi.

Baba hakujua lolote kuhusu jambo hili. Mchana alikuwa katika safari zake za kutembelea wagonjwa, akirudi tu wakati wa kukata. Alichosikia kwa watu ni kwamba mkewe, siku za kuzaliwa kwa watoto wake, huimba peke yake jikoni. Alimtaja mara mbili kanisani kama mfano.

Kwa majirani wengi wa wakati ule siku ya kuzaliwa ilikuwa jambo la kukisia. Mtu alizaliwa mwaka wa njaa, au mvua za vuli, inatosha. Sisi baba alituandika kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha nyimbo, siku, mwezi na mwaka, kwa hiyo hatukuweza kusahaulika. Tulikuwa watatu, kaka yangu, mimi na mdogo wangu wa kike, basi keki zikawa tatu kwa mwaka. Na baba aliweka sheria yake. Mwenye siku anakata, anagawa kwa kila aliyepo, na yeye anakula mwisho. Alisema siku ya kuzaliwa hukuifanyia kazi, kwa hiyo huna sababu ya kutangulia.

Tulipokuwa tunaishi juu kwenye kilima, nyumba yetu peke yake kati ya migomba, sheria hiyo haikuniumiza. Tulikuwa watano. Wa mwisho alikuwa wa tano, na alikuta kipande chake kizima kinamngoja.

Kisha ikaja habari ya kuishi pamoja. Silalamiki. Tulihamia chini karibu na barabara, tukapata shule ya karibu, zahanati, na bomba lililotoa maji karibu mwaka mzima wa kwanza. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na kila nyumba kumi zikawa na balozi wake. Balozi wetu alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu mwema, mwenye sauti, na watoto sita.

Hapo ndipo saa ya mama ilipoharibika. Kwetu Usambara, wimbo wa kanisa ukisikika nyumbani kwa mtu siku ya kazi, maana yake ni mbili: kuna msiba au kuna maombi. Kwa lolote kati ya hayo, jirani mwenye adabu anaacha jembe anakuja. Juu kilimani walisikia nyani tu. Chini walisikia nyumba kumi, na wimbo wa mateso wa beti nane, mara mbili, unampa kila mtu nafasi ya kunawa mikono na kufika kabla keki haijaiva. Walikuja, wakaketi, wakaimba nasi ubeti wa tano hadi wa nane kwa sauti zote nne, na mfuniko ulipofunuliwa walikuwa tayari ni wageni.

Mwaka nilipotimiza miaka minane nilikata, nikagawa, na keki iliishia kwa mtoto wa nne wa balozi. Mwaka wa tisa mama aliongeza yai, na iliishia kwa wa sita. Mimi nilikwangua sufuria. Kwenye mkutano wa kijiji balozi alisimama akasema kwamba nyumba ya mwinjilisti imeelewa ujamaa kuliko viongozi wengine. Baba alifurahi. Nchi nzima ilikuwa inajifunza kugawana, na mimi wa miaka tisa nilikuwa nimetangulia.

Nataka ieleweke kwamba sikutaka keki nzima. Nilitaka kipande kimoja, kizima, cha siku yangu mwenyewe, nikishike kwa mikono miwili. Sukari ya keki hiyo niliijua kwa jina. Ilikuja kwa lori kupitia Mombo, lori lilipokuja, na kaya ilipimiwa kidogo kwenye duka la ushirika, na tangu Krismasi tulikunywa uji mtupu ili ibaki ya keki tatu. Mtu aliyekunywa uji mtupu tangu Krismasi hawezi kuridhika na kukwangua sufuria.

Basi asubuhi ya siku yangu ya kumi nilimfuata mama jikoni.

"Mama, leo tusiimbe."

"Nitajuaje imeiva?"

"Tuimbe moyoni."

Alinitazama. Mkononi alikuwa na mwiko, amepakaa unga hadi kwenye kiwiko. "Nani amekufundisha?"

"Baba. Alisema Jumapili kwamba Mungu anasikia hata moyoni."

"Mungu, ndiyo," mama akasema. "Na balozi je?"

"Balozi hasikii."

Hakucheka, lakini alikwenda kufunga mlango wa jikoni.

Makaa yakawekwa. Tuliketi watatu kuzunguka moto, mama, mimi na mdogo wangu, kaka akiwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Tulifumba macho ili tusikosee beti, tukaanza kimya. Sijawahi kuimba wimbo mgumu kama ule. Ukiimba kwa sauti, mwenzako anakushika usikimbie. Ukiimba moyoni na njaa iko hapohapo jirani, beti zinakwenda mbio. Nilimaliza mara ya kwanza, nikafumbua jicho moja. Midomo ya mama ilikuwa inachezacheza.

"Uko wapi?" nikanong'ona.

"Wa tatu. Wewe?"

"Nimemaliza."

"Umeruka. Rudi."

"Mimi nimemaliza mara mbili," mdogo wangu akasema. Alikuwa na miaka sita na aliujua ubeti mmoja tu.

Nilirudi ubeti wa tatu, nikaenda na midomo ya mama. Tulikuwa tumefika salama ubeti wa saba wa mara ya pili, na harufu ilikuwa imeanza kuwa ile yenyewe, mlango uliposukumwa. Alikuwa baba. Mvua zilikuwa zimebomoa njia ya kwenda Vuga, amegeuza, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu.

Aliona nini? Aliona mke wake na binti zake wawili wamefumba macho kuzunguka moto, mlango umefungwa, kimya kabisa, katikati ya Kwaresima. Alivua kofia. Akapiga magoti kwenye majivu, na kwa sauti ile iliyozoea kuvuka mabonde, akaanzisha wimbo.

Ulikuwa wimbo uleule. Ubeti wa kwanza.

Kumwambia mwinjilisti aliyepiga magoti kwamba wewe huombi, unapima keki, na kwamba hata zile sifa za kanisani zilikuwa za keki, si jambo jepesi. Mama akaimba. Na baba hakuimba kama mama. Baba aliimba polepole, na baada ya kila ubeti alisimama kutueleza maana yake.

Kufikia ubeti wa tatu walianza kufika. Balozi alitangulia, akasimama mlangoni.

"Hodi. Mwalimu, kuna msiba?"

"Karibu, balozi. Hakuna msiba. Nimeikuta familia yangu katika maombi."

"Bwana asifiwe," balozi akasema, akavua kofia naye. Nyuma yake mkewe, watoto sita, na bibi mmoja jirani yetu aliyekuwa mzee kuliko wote katika nyumba kumi. Jikoni pakajaa, wengine wakabaki nje wakiimba kupitia dirishani. Ubeti wa tano baba alieleza kwa kirefu. Mimi nilikuwa natazama moshi mwembamba ukitoka pembeni mwa mfuniko, na machozi yalinitoka. Mke wa balozi aliyaona, akanishika bega. Alidhani ni mateso ya Bwana.

Amina ilipofika, mama alifunua. Keki ilikuwa nyeusi kama sufuria yenyewe.

"Kumbe ni siku ya binti," balozi akasema.

"Akate," akasema baba. "Agawe."

Nilikata, kisu kikalia kama kinakata mkate mkavu. Kipande cha kwanza nilimpelekea balozi kwa mikono miwili. Alikigeuza, akatazama upande wa pili, ambao ulikuwa kama wa kwanza.

"Unajua, Mwalimu, tumbo langu tangu juzi," akasema. "Hiki mwachieni mtoto."

Mkewe alisema watoto wake wametoka kula. Wa tatu akaanza, "Sisi hatuja," akafinywa. Nikampelekea bibi jirani.

"Mjukuu wangu," akasema, "meno yangu yaliisha wakati wa Mjerumani. Kula wewe."

Hakuna aliyetamka kwamba imeungua. Watu wetu wana adabu. Baba alichukua kipande, akakishukuru, akakila chote bila kusema kitu, jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwa ajili yake. Mdogo wangu alikataa. Kaka, aliyekuwa amerudi, alikitia chake mfukoni.

Nikawa wa mwisho, kama sheria ilivyotaka, na sinia lilikuwa karibu limejaa.

Niliuma. Ganda lilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Lakini chini ya ganda, unene wa vidole vitatu, keki ilikuwa ya manjano, laini, yenye mvuke, na iliki yote na mayai yote na sukari yote tangu Krismasi ilikuwa imekimbilia humo.

Niliinua macho. Watu wote walikuwa wananitazama.

Nikakunja uso.

"Pole, mwanangu," akasema mke wa balozi. "Jikaze."

Nilijikaza vipande vitatu. Kwenye cha pili bibi jirani alinionea huruma akataka wanipe maji. Jumapili iliyofuata baba alihubiri juu ya mtoto aliyepokea kilicho kichungu bila kunung'unika, nami nikiwa nimeketi benchi la mbele. Katekisimo nilikuwa nimeanza kufundishwa, na amri ya nane, ile ya ushuhuda wa uongo, niliisoma tena jioni ile kwa makini. Haikutaja uso. Nimetubu mengi maishani kwa msaada wa Mungu, na hili nimejaribu kulitubu mara kadhaa, lakini kila nikifika hapo naukumbuka utamu wake.

Watu walipoondoka mama alichukua sufuria kuosha. Niliona akikwangua kipande kilichoshika pembeni, upande wa ndani, akakitia mdomoni. Akasimama kutafuna.

"Ilikuwa chungu sana?" akaniuliza.

"Sana, mama."

"Pole," akasema, akaendelea kusugua.

Mwezi wa nane ikafika siku ya mdogo wangu. Mama aliimba kwa sauti, mlango wazi, na nyumba kumi zikaja kama kawaida. Wimbo ulikwisha. Tukangoja afunue. Akarudia ubeti wa mwisho.

"Mama, umeshamaliza," kaka akasema.

"Huu ubeti naupenda," akajibu, akaurudia tena.

Keki ilitoka nyeusi. Balozi akalikumbuka tumbo lake, bibi akayakumbuka meno yake, mdogo wangu akakaa mbele ya sinia zima na midomo inamtetemeka. Nikamwinamia sikioni.

"Uma," nikamwambia. "Halafu ukunje uso."

Yeye sasa ni bibi kama mimi. Kila mwaka siku yangu ikifika anapanda basi kutoka Malindi, ile ya huku kwetu Lushoto, anaketi kwenye kiti kilekile, anapewa kipande, anakila chote na uso ameukunja. Wajukuu wanamwambia pole.