Vitabu vimezidi, na kosa ni langu

Jamani, leo shefu wangu amenigombeza kwa sababu vitabu vya maktaba vimezidi.

Havikupotea, apana. Vimezidi!

Munajua chuo kikuu kilinituma China miezi miwili nijifunze kazi ya maktaba. Kule mwanafunzi anaingia mwenyewe kwenye rafu na kuchagua. Huku kwetu anajaza fishi, kile kikaratasi cha kuomba kitabu, anasubiri dirishani, mi naenda kumuletea. Tangu vita ianze, mlango wa rafu una kufuli mbili.

Nimeomba wiki nzima. Shefu akakubali: siku moja, vitabu vya sheria peke yake, na kikipungua kimoja ni juu yangu.

Asubuhi tukahesabu, akanipa funguo, nikafungua. Jioni tukahesabu tena.

Saba zaidi!

Vyote vina muhuri wetu. Viliazimwa mwanzo wa vita, havikurudi. Leo, kwa kusikia mlango uko wazi, watu wamevirudisha kimya kimya, bila kupita dirishani.

Mi karibu nicheze. Shefu: "Vimeingia bila fishi. Kesho tunafunga."

Nikamuonyesha karatasi iliyokuwa ndani ya kimoja: "Munisamehe, nilikimbia nacho mpaka Uvira."

Ameisoma mara mbili. Nikafikiri imemugusa.

"Na mbona hakuandika jina?"

Jina, jamani! Mutu aliyekimbia vita, katika mji huu, aandike jina ili atafutwe!

Niambieni: kesho nimurudishie zile funguo, ao nizipoteze?