Mashine Iliyokaa Kati Yangu na Kitambaa

Povu lilikuwa limeshanimeza viatu.

Nimesimama katikati ya jiko la mgahawa wa watu, mkononi nimeshika sahani chafu, wahudumu wamejazana mlangoni kunitazama, na msichana ninayempenda kuliko usingizi amesimama mbele yangu. Hanicheki. Hanikemei.

Ananisomea shairi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana mkisikia mwisho bila mwanzo mtasema nimechanganyikiwa.

Mimi nilikuwa muosha vyombo. Naandika hivyo kifua mbele. Sahani ikitoka mkononi mwangu ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Nikimaliza kuosha, nilikuwa nazipanga moja juu ya nyingine, zimebanana, hazitikisiki, mpaka wahudumu wakauita mnara wangu "ghorofa".

Kazi yangu nyingine, isiyo na mshahara, ilikuwa ushairi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe, nagonga meza, nahesabu silabi kwa vidole, mpaka mizani ikanikaa sikioni. Basi jikoni wakaniita Malenga. Mpishi aliniita hivyo kwa heshima, wahudumu kwa kejeli. Mimi niliitika kote kote.

Na kando yangu alisimama yeye.

Mimi naosha, yeye anafuta. Kitambaa cha kufutia hakikumtoka begani kutwa, kwa hiyo hilo ndilo likawa jina lake. Kitambaa.

Kila sahani niliyompa nilimpa na mstari wake. Anafuta huku anahesabu mizani, vidole vinagonga ukingo wa sahani kama nilivyomwelekeza, kisha anasema taratibu, "Umezidisha moja, Malenga."

Nabisha. Naapa. Narudia kuhesabu.

Kweli nimezidisha moja.

Sikuwahi kumwambia kwamba nampenda. Niliona mistari inatosha. Mtu hawezi kutungiwa kutwa nzima halafu asijue, au siyo?

Basi bwana, asubuhi moja nafika kazini, nakuta sinki langu limesogezwa ukutani kama mgonjwa. Pale nilipokuwa nasimama limekaa dubwana la chuma, linang'aa, lina mlango na vitufe. Mashine ya kuoshea vyombo.

Tena imekaa kati. Mimi huku, Kitambaa kule, mashine katikati kama mama mkwe.

Mwenye mgahawa, tunayemwita Mama Bosi, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema fundi aliyeileta atakuwa nasi kwa wiki nzima, atatufundisha wote wawili. Wiki ikiisha, asiyeweza kuiendesha peke yake atahamia tawi jingine, upande wa pili wa mji, ambako bado wanaosha kwa mikono.

Nikamtazama fundi. Shati limepigwa pasi. Kalamu mfukoni. Anatoa harufu nzuri, wakati sisi sote jikoni tulinuka vitunguu tangu tuzaliwe.

Nilimchukia papo hapo.

Akanichekea, akasema, "Karibu kaka, nikuonyeshe. Ni rahisi sana."

Rahisi. Kazi yangu ya miaka yote, mtu ameipa jina hilo mbele ya Kitambaa.

Nikamjibu kwamba mimi ushairi wenyewe sikufundishwa na mtu, sembuse kabati la maji. Nikachukua masufuria makubwa yasiyoingia mle ndani, nikajiondokea zangu kwenye sinki langu la ukutani.

Kitambaa akabaki.

Hapo ndipo nilipojua kwamba wivu una sauti. Ulikuwa unasikika kama mashine ile. Inaanza kunguruma polepole, halafu ndani kule maji yanapiga huku na kule, na wewe uliye nje huoni chochote.

Kila nikigeuka, wameinama pamoja. Fundi anavuta trei ya chini, Kitambaa anauliza. Fundi anatoa chujio lililoko sakafuni mwa mashine, Kitambaa anauliza tena. Msichana ambaye kwangu alikuwa mtu wa maneno mawili, kwa fundi amekuwa redio.

Wahudumu nao hawakunisaidia. Mmoja alikuwa akipita na sinia ananiambia, "Malenga, leo vyombo vinang'aa kweli." Anajua fika vimetoka wapi. Nikawa nasugua sufuria mpaka mpishi akaniomba nimwachie japo chuma kidogo cha kupikia.

Halafu nikaona jambo lililonikata maini.

Siku ya mwisho ya fundi, kabla ya wageni wa mchana, nimebeba ndoo ya maganda nikapita nyuma ya mashine. Mvuke umejaa. Fundi anasema kitu. Kitambaa anatikisa kichwa, kisha vidole vyake vinaanza kugonga ukingo wa sahani.

Moja, mbili, tatu, nne.

Anahesabu mizani.

Anafika mwisho, anakunja uso, anaanza upya. Fundi anamtajia jambo jingine, naye anajaribu tena, midomo inacheza, kisha anacheka peke yake kama mtu aliyepata kina alichokitafuta usiku kucha.

Nikasimama na ndoo yangu.

Mtu anaweza kukuchukulia sinki ukavumilia. Anaweza kukuchukulia sifa ukameza. Lakini vidole vile nilivizoeza mimi! Kumbe fundi naye anatunga? Au ndiye anayetungiwa?

Nikamvizia mlango wa nyuma. Nikamuuliza kama fundi anajua ushairi.

"Fundi anajua mashine," akasema.

"Mbona mlikuwa mnahesabu?"

Akanigeukia. Akauliza, "Unaona wivu kwa fundi au kwa mashine?"

"Mimi na wivu wapi na wapi."

"Basi njoo ujifunze. Leo Mama Bosi anatupima."

"Sifundishwi na mtu."

"Najua," akasema, na akarudi ndani. Lile "najua" lilinichoma kuliko tusi.

Mchana ule lilikuja kundi kubwa la watu wa ofisi. Vyombo vikarudi vimejaa mchuzi na mayai yaliyokauka. Mama Bosi akaingia jikoni, akaifunga mikono kifuani, akaniuliza kama naiweza mashine.

Fundi alikuwa pale. Kitambaa alikuwa pale. Jiko zima lilikuwa pale.

Nikasema naiweza hata nikiwa nimelala.

Nikavuta trei ya chini. Nikapanga sahani kama ninavyojua mimi, moja juu ya nyingine, zimebanana, ghorofa kamili. Nikashusha vikombe navyo, vinatazama juu, kama vinasubiri chai. Kijiko kirefu cha kupakulia nikakisimamisha katikati, kwa madaha.

Nikachukua chupa ya sabuni ya sinki, ile ya kijani. Nikamimina kipimo changu cha siku zote, kisha nikaongeza kidogo kwa hasira.

Kitambaa akasogea. "Malenga, subiri."

"Nimesema naiweza."

Nikakibonyeza kitufe kwa kiwiko. Kwa nini kwa kiwiko? Hata leo sijui. Niliona inapendeza.

Mashine ikanguruma. Nikamtupia fundi jicho.

Halafu kitu kikaanza kugonga ndani, ko, ko, ko. Ule mkono unaozunguka kurusha maji ulikuwa umegongana na kijiko changu. Kisha pembeni mwa mlango kikachungulia kipande cheupe. Kikafuata kingine. Povu likatoka, likashuka, likatambaa kama lina miguu na linajua linakokwenda.

Mpishi akainua sufuria yake na kuuliza, "Malenga, umeosha vyombo au umefua mawingu?"

Jiko zima likaangua kicheko. Mhudumu mmoja aliteleza na sinia tupu, akaokolewa na ukuta. Fundi akaruka kuizima mashine, akafungua mlango.

Vikombe vimejaa maji ya kijivu. Na ghorofa yangu iko palepale, imesimama imara, na katikati ya kila sahani mchuzi umetulia kama wageni walivyouacha. Nilikuwa nimezibana hivi kwamba hata maji hayakupata njia.

Mama Bosi hakupaza sauti. Alisema kesho asubuhi nianzie tawi la pili.

Kicheko kikakatika. Mimi nikashika sahani moja chafu, sijui ya nini.

Hapo ndipo Kitambaa alipokanyaga povu, akaja mpaka mbele yangu.

"Mama," akasema, "naomba nimsomee kitu kwanza. Kisha umpime tena."

Mama Bosi akatazama povu, akatazama saa ukutani, akasema asome haraka.

Kitambaa akavuta pumzi. Vidole vikaanza kugonga ukingo wa sahani niliyoishika mimi.

*Sahani zipange wima, zisipandane mgongo,*
*Vikombe vitainama, juu kule kwa mpango,*
*Sabuni ya povu koma, itatokea kwa mlango,*
*Nawe usije kuhama, ukaniachia pengo.*

Mpishi akaitua sufuria yake.

Fundi akajikuna kichwa. "Kumbe ndiye huyu," akasema. "Dada huyu amenisumbua wiki nzima. Namwambia sahani zikae hivi, ananiambia maneno hayaenei. Nikamuuliza kwa nini asimfundishe huyo mtu kama watu wanavyofundishana. Akasema hafundishiki, lakini ukimpa mizani hasahau."

Wiki nzima nimeungua, kumbe moto ulikuwa unanipikia mimi.

Sikuweza kumtazama usoni. Nikapiga magoti kwenye povu, nikatoa kila kitu. Fundi akanisaidia kuyamwaga yale maji ya sabuni. Sahani nikazipanga wima, kila moja na nafasi yake, kila moja inapumua. Vikombe trei ya juu, vimeinama. Chupa ya kijani nikairudisha sinkini kwake, fundi akanipa dawa ya unga ya mashine, isiyotoa povu. Kitufe nikakibonyeza kwa kidole, kama mtu mwenye akili.

Tukasubiri. Sijawahi kusubiri kitu kwa woga namna ile.

Mlango ulipofunguliwa, mvuke ukapanda, na sahani zikatokea zimesimama safu moja, zinang'aa. Mama Bosi akachukua moja, akaipitishia kidole, ikalia kwii.

Akasema povu lote nilideki mimi. Kesho nije hapa hapa.

Fundi alikusanya vifaa vyake, akanipa mkono. Nikaupokea. Hata manukato yake, nilipoyanusa vizuri, hayakuwa mabaya.

Tukabaki wawili na fagio la maji, mimi nasukuma povu, yeye anakausha nyuma yangu kama zamani.

Sasa mimi ni mtu wa mizani. Ule mstari wa tatu niliusikia. Baada ya mkato umezidi mizani moja. Ulinipalia kooni kama mwiba wa samaki. Siku zote sijapitwa na kosa la namna hiyo bila kulitaja, hata liwe la nani.

Nikasukuma povu. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Nikasema, "Ni shairi zuri. Sijatungiwa zuri kama hilo."

Kitambaa akasimama. Akaniangalia, tabasamu likaanzia pembeni mwa mdomo.

"Mstari wa tatu umezidi moja," akasema. "Niliuacha makusudi. Nilitaka kujua kama naweza kuolewa na wewe."

Fagio likanidondoka.

Ndugu yangu unayesoma, ukimwona mpenzi wako anacheka na mtu mwingine, usikimbilie kuonyesha ubabe wako. Nenda ukae karibu, ukubali kuonyeshwa jambo usilolijua. Ujuaji wangu ulitaka kunipeleka upande wa pili wa mji, na aliyenizuia nisiende ndiye niliyekuwa namnunia.

Ule mstari tuliuacha vilevile. Tumeubandika juu ya mashine, na kosa lake.